Upepo wa Pwani Huficha Kiu

Mwezi wa Julai huku mlimani tunaujua. Ukungu hushuka hadi vihambani, majani ya migomba hudondosha maji mchana kutwa, na watoto hawataki kutoka jikoni penye moto. Mwezi huo huo, pwani ya Bahari ya Hindi huvuma kusi, upepo utokao baharini upande wa kusini-mashariki. Mtu wa Kibosho au Marangu akishuka huko wakati huo hufurahi. Jua linawaka, lakini upepo unampuliza, naye husema, "Mbona joto lenyewe si kama walivyonitisha?"

Furaha hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumze mwezi huu. Upepo wa pwani hupoza ngozi, lakini haupunguzi ukali wa jua, hauzuii jasho, wala haurudishi maji yaliyokwisha kutoka mwilini. Hutufanya tu tusiyasikie hayo. Mfano wetu utakuwa mcheza gofu, kwa sababu yeye hutembea katika upepo huo saa nne au tano mfululizo.

Gofu inatuhusu nini?

Najua wapo watakaouliza hivyo, maana wengi wetu hatujawahi kushika fimbo ya gofu. Hata hivyo mchezo huu si mgeni kwetu. Moshi Club ina uwanja wa mashimo tisa, na kule TPC Arusha Chini upo uwanja mwingine. Wapo wazee ambao leo ni wachezaji wa ridhaa, yaani wasiolipwa, nao waliujua mchezo utotoni wakibeba mifuko ya wengine.

Gofu ilikulia Scotland, kwenye ardhi ya mchanga kando ya bahari isiyofaa kwa kilimo. Ni huko katika uwanja wa St Andrews ambako mwaka 1764 mzunguko ulipunguzwa kutoka mashimo 22 hadi 18, na hesabu hiyo ya 18 ndiyo iliyoenea duniani. Kwa hiyo tangu zamani upepo wa bahari ni sehemu ya mchezo. Tofauti ni kwamba upepo wa Scotland ni wa baridi, na mchezaji huko hukumbuka kuvaa sweta. Upepo wetu huvuma chini ya jua la karibu na ikweta, na mtu hasikii haja ya kujikinga na chochote.

Majirani zetu wa Kenya wanavyo viwanja vya namna hiyo. Mombasa Golf Club, iliyoanzishwa mwaka 1911, iko juu ya majabali ya matumbawe yanayotazama bahari. Kaskazini ya Mombasa, katika Kaunti ya Kilifi, upo uwanja wa Vipingo Ridge uliofunguliwa mwaka 2009, wenye mashimo 18 kwenye kilima kinachopigwa na upepo wa bahari. Hapo ndipo Desemba 2019 wanawake wa kulipwa walipofanya mashindano ya kimataifa ya Kenya kwa mara ya kwanza. Mshindi alikuwa Mjerumani Esther Henseleit, ambaye mwaka 2024 alipata medali ya fedha katika Olimpiki ya Paris. Ni uwanja wa mabingwa, lakini wachezaji wa ridhaa nao huwenda kujipima nguvu huko.

Mzee wetu na kusi

Mmoja wa waliokwenda ni mzee wa hapa kwetu, mstaafu wa zaidi ya miaka 60, mwenye presha anayotumia dawa kila siku. Ameniruhusu nisimulie yaliyompata bila kumtaja jina. Alisafiri na wenzake mwezi wa Julai kupitia Holili, Taveta na Voi. Jana yake alikuwa amelala na mablanketi mawili. Kesho yake, saa nne asubuhi, alikuwa amesimama Vipingo mbele ya shimo la kwanza.

Anasema mchezo wenyewe ulimfundisha unyenyekevu. Mpira wa gofu hauruhusiwi kuzidi gramu 46 hivi, hata yai la kuku wa kisasa huwa zito zaidi. Alipoupiga juu kama alivyozoea Moshi, kusi iliuchukua na kuutupa vichakani. Alipoupiga upepo ukiwa mgongoni, ulipita mbali kuliko alivyokusudia. Shimo ambalo nyumbani angelimaliza kwa mikwaju minne lilimla saba. Hata pale penye majani mafupi karibu na shimo, mahali pa kuusukuma mpira polepole, upepo ulimyumbisha yeye mwenyewe miguuni. Polepole alijifunza. Akachukua fimbo ya kupiga mbali zaidi, akaipunguza nguvu, akaupitisha mpira chini chini. Kwenye shimo la tisa alikuwa anacheka.

Kwenye shimo la kumi na moja misuli ya ndama za miguu ilianza kumkaza. Kichwa kikagonga. Kwenye la kumi na mbili aliinama kuokota mpira, na alipoinuka aliona giza. Kijana aliyekuwa amembebea mfuko akamshika mkono, akamwambia, "Samahani mzee. Tangu tuanze sijakuona kwenda haja ndogo, na maji hujayagusa. Njoo tukae kivulini." Wakakaa chini ya mbuyu. Alikunywa maji kidogo kidogo, akalala miguu ikiwa imeinuliwa juu ya mfuko, na baada ya muda macho yakarudi. Mchezo wake uliishia hapo.

Wiki iliyofuata alikuja kliniki.

"Shikamoo mzee. Pole na safari."

"Marahaba sista. Nimekuja unipime presha. Nilidhani naondoka duniani."

"Siku hiyo ulikunywa maji kiasi gani?"

"Chai ya asubuhi."

"Na baada ya chai?"

"Sista, sikuwa na kiu. Hata shati lilikuwa kavu."

Presha yake siku hiyo ilikuwa nzuri. Lakini shingo na masikio vilikuwa vinabanduka ngozi, na kwenye kola ya lile shati kavu mke wake aliona mistari myeupe. Ilikuwa chumvi ya jasho.

Kilichotokea mwilini

Mwili hujipoza kwa jasho. Jasho likikauka juu ya ngozi huondoka na joto. Mahali pasipo na upepo jasho la pwani hukawia kukauka, kwa kuwa hewa yenyewe ina unyevu mwingi. Hapo mtu hulowa, husikia vibaya, hutafuta maji na kivuli. Upepo ukivuma, jasho hukauka linapotokea tu. Mtu hujiona mkavu na mwenye nguvu, kumbe maji yanatoka vile vile. Anayetembea juani anaweza kupoteza nusu lita hadi lita moja kwa saa, na wengine zaidi. Kuzunguka mashimo 18 ni mwendo wa kilomita nane hadi kumi. Piga hesabu mwenyewe.

Maji yakipungua, damu nayo hupungua wingi. Moyo hupiga haraka ili ile iliyobaki izunguke. Mtu akiinuka ghafla, damu haifiki kichwani kwa wakati, naye huona giza. Mzee wetu alikuwa na sababu nyingine tatu. Kwanza, kidonge chake cha presha ni cha aina ile inayoongeza mkojo, nacho kilimtoa maji tangu alfajiri. Pili, kadiri tunavyozeeka kiu huchelewa kutushtua. Tatu, alitoka kwenye baridi. Mwili wa mtu wa mlimani huhitaji kama wiki moja hadi mbili kuzoea joto, na yeye aliupa usiku mmoja.

Kwa hiyo mcheza gofu pwani asingoje kiu. Afuate saa, au afuate mashimo: kila baada ya mashimo mawili anywe glasi moja. Anayekwenda kwenye harusi Tanga, kuvua, au kutembeza watoto ufukweni afanye vivyo hivyo kila baada ya nusu saa hivi. Mkojo ndio kipimo cha maskini na tajiri. Ukiwa wa rangi ya manjano hafifu, maji yanatosha. Ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au usipopatikana kabisa, umechelewa. Wala usinywe maji mengi mno kwa mkupuo, maana nayo huzimua chumvi ya damu na kuleta hatari nyingine. Kunywa kidogo kidogo, na ule ndizi au karanga njiani. Bia na mbege si maji. Huongeza mkojo na kukuacha na kiu zaidi.

Mwenye presha asiache vidonge kwa sababu ya safari. Apite kliniki kabla, aeleze anakokwenda na atakachofanya, ashauriwe. Mwenye kisukari anayetumia sindano au vidonge vya kushusha sukari asitembee mwendo mrefu bila kula, na awe na kitu kitamu mfukoni.

Jua, ngozi na macho

Mionzi ya jua inayounguza ngozi si ile tunayoisikia kama joto. Upepo huondoa joto, mionzi ikabaki. Ndiyo maana masikio ya mzee wetu yaliungua naye asijue. Ngozi nyeusi ina kinga zaidi, lakini nayo huungua. Kofia yenye ukingo mpana ni bora kuliko ile ya kukinga paji la uso peke yake, na kanga au leso shingoni haimwaibishi mtu. Anza mapema asubuhi ili saa sita ikukute umemaliza.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino hili ni jambo la uhai, kwa sababu kuungua mara kwa mara huleta saratani ya ngozi. Sisi wa Moshi tuna bahati. KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, na hapo hapo yametengenezwa mafuta ya kujikinga na jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo aulize huko kabla ya kumpeleka pwani. Na hata akishapakwa mafuta, avae kofia na mikono mirefu.

Macho nayo hupata taabu. Upepo wenye mchanga na chumvi, pamoja na jua la miaka mingi, huchangia kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho na kusogea kuelekea mboni. Miwani ya jua iliyo bora husaidia. Usifikiche jicho lililoingia mchanga. Lioshe kwa maji safi.

Dalili za hatari

Misuli kukaza, kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu ni onyo. Acha ulichokuwa unafanya, hata kama umebakiza shimo moja. Kaa kivulini, legeza nguo, kunywa.

Lakini mtu akianza kusema ovyo, kupepesuka, kupata degedege au kuzimia, na mwili wake ni wa moto sana, hiyo ni hatari ya kifo. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, na wakati huo huo tafuteni gari la kumpeleka hospitali. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, kwa kuwa kitaingia mapafuni.

Jambo jingine ni malaria. Waliokulia juu mlimani, kwenye mbu wachache, hawana kinga kama ya watu wa pwani, kwa hiyo wakiugua huugua sana. Laleni ndani ya chandarua. Homa ikikujia wiki au hata miezi kadhaa baada ya kurudi, nenda ukapimwe, na mwambie muuguzi kwamba ulikuwa pwani.

Msiuogope mwendo

Nisieleweke kwamba ninakataza gofu. Mwaka 2008 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wacheza gofu 300,000. Vifo kati yao vilikuwa pungufu kwa asilimia 40 hivi kuliko kwa watu wengine wa umri na hali kama yao. Pengine wacheza gofu wana mengine yanayowasaidia, wala haiwezekani kusema ni fimbo tu iliyowaponya. Lakini kutembea kilomita kadhaa kwenye hewa safi ni sehemu kubwa ya faida hiyo, na faida hiyo anaipata pia mama anayeshuka kwa miguu toka Uru kwenda sokoni.

Ombi langu la mwisho ni kwa wale wanaocheza. Kijana anayekubebea mfuko hutembea mwendo ule ule, juani pale pale, akiwa na mzigo begani ambao wewe huna. Mara nyingi hana kofia wala chupa ya maji. Unapofungasha maji yako, fungasha na yake. Mzee wetu anajiandaa kurudi Vipingo. Ameniambia safari hii atafika siku tano kabla, ataanza saa moja asubuhi, na mfukoni kutakuwa na chupa nne: mbili zake, na mbili za huyo atakayetembea naye.