Kadi ya mtandao inayobeba kazi ya prosesa: je, tuilipie?



Kamati ya usharika mmoja ilituletea ankara kifani ya seva kwa ajili ya ofisi yao na chumba cha kompyuta cha vijana. Ndani yake mlikuwa na kadi ya mtandao ambayo bei yake ilikaribia bei ya kompyuta nzima, pamoja na maelezo kwamba "inapunguza mzigo wa prosesa". Wajumbe waliuliza swali la haki kabisa: mzigo gani?

Prosesa ndiyo inayofanya mahesabu mengi ya kompyuta. Faili linapotumwa kwa waya halisafiri likiwa zima. Ni kama nyanya za mashamba yetu zinaposhuka Mombo: mkulima hazimwagi kwenye lori, anazipanga katika matenga. Kwa kawaida tenga moja la mtandao, yaani paketi, halizidi baiti 1,500. Ukitoa anwani na maelezo mengine zinabaki kama 1,460 za mzigo wenyewe. Kila paketi huandikwa mtumaji, mpokeaji, namba yake katika mfuatano, na jumla ya uhakiki ili mpokeaji ajue kama kuna kilichoharibika njiani.

Kwa kadi duni, prosesa hukata, huandika na hujumlisha yenyewe. Wakati wa kupokea, kadi huikatiza kazi kila paketi inapofika, kama mzee wa kanisa anayebisha hodi ofisini kwa mchungaji kwa kila bahasha ya ahadi. Kadi yenye uwezo hupokea fungu la hadi kilobaiti 64 kwa mara moja, ikalikata yenyewe kuwa paketi kama 45 na kuweka jumla zake. Zinazoingia huzihakiki, nyingine huziunganisha, na husubiri zikusanyike kidogo ndipo ibishe hodi.

Faida yake inategemea kasi. Waya wa gigabiti 1 kwa sekunde ukijaa hupitisha paketi kubwa zipatazo 81,000 kila sekunde, na hapo hodi zinachosha. Lakini laini ya megabiti 10 hupitisha kama 800 tu, idadi ambayo prosesa ya kawaida haiisikii. Wengi wetu tunakumbuka enzi za setilaiti, kabla ya mkonge wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwezi Julai 2009. Wakati ule laini ilikuwa nyembamba mno, na hakuna kadi ambayo ingeipanua. Hata leo, kama laini inayopanda mlimani ni ndogo, intaneti itabaki polepole hata mkinunua kadi ya bei gani.

Kazi hiyo huonekana ndani ya jengo, pale kompyuta 20 zinapofungua mafaili kutoka seva moja, au nakala za akiba zinapochukuliwa usiku. Hata hapo, kadi za kawaida za gigabiti zinazokuja ndani ya kompyuta zimekuwa zikijumlisha na kukata paketi kwa miaka mingi. Mmeshazilipia. Zile za kubeba kazi yote ya mawasiliano zilikataliwa na watunzi wa Linux katika miaka ya 2000. Sababu mojawapo ni kwamba kosa lililo ndani ya kadi humsubiri mtengenezaji, lakini lililo katika mfumo wao wanaweza kulirekebisha wenyewe. Kwetu, ambako kipuri hupandishwa kwa basi, sababu hiyo ina uzito.

Mafundi nao wajihadhari na jambo moja. Ukikagua paketi zinazotoka ukiwa kwenye kompyuta ileile inayozituma, unaweza kuambiwa kwamba jumla zote zina makosa. Si makosa, programu imeziona kabla kadi haijazijaza. Sisi wenyewe tulipoteza siku nzima tukibadilisha nyaya zisizo na tatizo lolote.

Kamati ile iliiondoa kadi kwenye ankara, na fedha hizo zikanunua betri za kuikinga seva umeme unapokatika. Kwa sharika nyingine zinazoandaa maombi ya fedha: kabla ya kusaini, mwambieni fundi anakili faili kubwa kutoka seva hadi kompyuta nyingine mbele yenu, huku mkiangalia prosesa inatumika kwa asilimia ngapi. Ikiwa bado ina nafasi kubwa, tafuteni ucheleweshaji kwingine: diski, nyaya, au laini yenyewe. Tuleteeni matokeo hayo pamoja na ankara.