Kumchagua Mlezi wa Mtoto

Katika pwani ya kusini ya Tanzania, toka Mikindani na Mtwara hata Msimbati na mlango wa mto Ruvuma, kazi nyingi za watu hufuata maji ya bahari. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, huja bamvua. Maji hupwa sana, kisha hujaa sana, na tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Siku hizo maji huwa yamepwa kabisa kama saa nne asubuhi, nayo hujaa kama saa kumi alasiri. Basi wanawake hushuka ufukoni mapema, wakaenda mbali juu ya miamba na mchanga kuokota kombe na chaza na kutafuta pweza, wala hawarudi mpaka maji yawafukuze. Mtoto mchanga hubebwa mgongoni. Lakini yule aliyekwisha kujua kutembea ni mzito wa kubebwa na mwepesi wa kupotea, naye huachwa nyumbani. Hapo ndipo lizukapo swali: ataachwa na nani?

Mara nyingi huachwa na aliye karibu: bibi, shangazi, dada yake, au binti wa jirani. Ukaribu ni jambo jema, walakini hautoshi. Bibi aweza kuwa na upendo mwingi na macho dhaifu, na mtoto wa miaka miwili akamshinda mbio. Jirani aweza kuwa mtu mwema sana, lakini ana mihogo ya kutwanga, na chungu motoni, na wageni barazani. Mtu wa namna hiyo hamlindi mtoto, ila yu pamoja naye katika ua mmoja. Mlezi ni yule ambaye kwa saa zile hana kazi nyingine ila mtoto.

Mzazi mwenye busara hamwulizi mlezi kama apenda watoto, kwa maana hakuna atakayejibu kwamba hapendi. Humwuliza mambo yenyewe: Mtoto akiungua, utafanya nini kwanza? Akipotea, utatafuta wapi kwanza? Utamwita nani, na yule asipokuwapo, nani tena? Ajibuye, “Nitatazama kisimani na ufukoni kwanza, kisha ndani ya nyumba,” huyo ameyafahamu mambo ya pwani. Kisha mzazi huwauliza wale waliowahi kumwachia watoto wao. Tena huuliza watu wawili watatu, maana mmoja aweza kuona haya kusema kweli. Hata hayo yakiisha, hukaa naye nyumbani siku nzima, mlezi akimshika mtoto na mama akitazama. Mtoto akilia, mlezi hukasirika? Akizungumza na mwenziwe, macho yake huwa wapi? Tena siku za kwanza mama hurudi mapema bila kuaga saa ya kurudi. Mlezi mwaminifu haoni vibaya kwa hilo.

Umri nao una neno. Wanafunzi wengi wa shule za msingi huachiwa wadogo zao, na kusaidia nyumbani si kosa. Lakini mtoto wa miaka tisa hawezi kumtoa kisimani ndugu yake wa miaka miwili, hata akiwa na bidii namna gani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kwamba mtoto aweza kufanya kazi nyepesi tangu miaka 14, mradi isimdhuru wala isimzuie kwenda shule. Binti aliyeletwa kutoka kijijini awe yaya mjini, akakosa shule kwa ajili hiyo, naye ni mtoto anayehitaji kulindwa. Watu husahau hilo upesi.

Katika hatari zote, maji ndiyo ya kwanza. Watu wengi hudhani mtoto anayekufa maji hupiga kelele. Sivyo, huzama kimya, wala hahitaji kina kirefu: ndoo au beseni lenye maji kidogo latosha. Kwa hiyo mlezi mwema humwaga maji ya kufulia akiisha kufua, na kisima hukifunika kabla ya kuitua ndoo. Karibu na mto Ruvuma yako mamba na viboko, kwa hiyo mtoto hapelekwi kabisa mahali pa kuchotea maji. Mtoto akitolewa majini hapumui, kumning'iniza miguu juu si dawa, bali hupoteza wakati. Hupuliziwa pumzi mara ile ile, na kifua chake kubonyezwa, huku mtu mwingine akikimbilia msaada.

Nyumbani mna hatari ndogo zisizoogopwa, nazo huumiza wengi. Mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa ya soda hunywewa na mtoto mwenye kiu. Naye akiyanywa asitapishwe, bali apelekwe hospitali. Ganda la korosho mbichi lina mafuta yachomayo ngozi, na wakati wa kukaanga huruka. Muhogo mchungu ukiliwa mbichi ni sumu, na mtoto hajui kuupambanua na mtamu.

Iko hatari nyingine isiyotoka majini wala motoni, bali kwa mtu. Mlezi amwambiaye mtoto, “Usimwambie mama,” huyo hafai, hata kama siri yenyewe ni kipande cha sukari. Kwa maana azoeaye kuficha dogo atafichishwa kubwa. Mtoto hufundishwa mapema kwamba mwili wake ni wake, na kwamba mtu akimgusa vibaya au kumpiga, aseme, wala hatapigwa kwa kusema. Asiyejua kusema vema husema kwa njia nyingine: hulia amwonapo mlezi, hukojoa kitandani baada ya kuacha, hukataa chakula. Mama huyaangalia hayo kila arudipo, kabla ya kuitua kapu ya pweza. Naye mtoto asiyesikilizwa nyumbani aweza kumwambia mwalimu wake, au kupiga simu namba 116, ambayo katika Tanzania imewekwa kwa ajili ya watoto, wala haidai malipo.