MAFUNZO YA ZIADA KWA WANAFUNZI WA SEKONDARI UNGUJA: NAFASI YA LUGHA

1.0 Utangulizi

Makala hii inaeleza mafunzo wanayopewa wanafunzi wa sekondari kisiwani Unguja nje ya ratiba ya darasani, hususan nyakati za likizo. Hoja yetu ni kwamba faida ya mafunzo hayo hutegemea lugha yanamotolewa kuliko inavyodhaniwa. Huko Ulaya na Marekani mafunzo ya aina hii hufungamana na likizo ndefu ya kiangazi. Unguja miezi hiyo, Juni hadi Agosti, ni ya kipupwe na pepo za kusi. Shule hufungwa kwa majuma machache tu katikati ya mwaka, na likizo ya mwisho wa mwaka huangukia Disemba, wakati wa kaskazi. Kwa sababu hiyo tutatumia istilahi pana zaidi, mafunzo ya ziada. Neno ziada lenyewe lina utata: laweza kumaanisha kuongeza kiasi cha kile kile, au kuongeza kitu ambacho hakikuwapo. Unguja maana zote mbili zinatendeka, ila ya kwanza ndiyo iliyoenea.

2.0 Twisheni na Kambi

Twisheni hutolewa jioni na nyakati za likizo, kwa malipo. Kambi ni utaratibu wa kuwakusanya watahiniwa shuleni, wakalala na kula huko kwa muda kabla ya mtihani wa taifa, wakirudia mada na kujibu maswali ya miaka iliyopita. Si haki kuzibeza kambi. Kwa msichana ambaye nyumbani anangojewa na maji ya kuteka, kuni na wadogo zake, kambi huenda ikawa ndiyo nafasi yake ya kwanza ya kusoma usiku bila kuitwa. Twisheni, kwa upande wake, imerudisha suala ambalo lilidhaniwa limekwisha. Tarehe 23 Septemba 1964 elimu Zanzibar ilitangazwa kuwa bila malipo. Leo mwenye uwezo huinunulia likizo ya mwanawe masomo, na mwana wa asiye na uwezo hubaki nyuma.

Isitoshe, mafunzo haya ni mwangwi wa darasa. Kuanzia Kidato cha Kwanza masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, nayo twisheni hufuata lugha hiyo hiyo, au tuseme hufuata maandishi yake, kwani maelezo huteleza na kuingia Kiswahili pindi mwalimu anapotaka kueleweka. Inastaajabisha kidogo kwamba katika miezi hiyo ya kipupwe wanafunzi wa kigeni huja Mjini kujifunza Kiswahili kwa mpango maalumu, kazi iliyofanywa kwa miaka mingi na TAKILUKI, taasisi iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na baadaye kuunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

3.0 Mfano wa Chumbe

Mifano ya maana ya pili ni michache. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanza kufundisha mwaka 2002, ni mmojawapo. Hapa tutajifunga kwenye Chumbe, kisiwa kilicho kilomita zipatazo 12 kusini mwa Mji Mkongwe. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza mwamba ulio upande wake wa magharibi kuwa hifadhi, na usimamizi ukakabidhiwa kampuni binafsi, Chumbe Island Coral Park, ambayo mapato yake ya utalii husaidia kugharamia ziara za wanafunzi wa shule za Unguja. Ziara hizo si za likizo peke yake, na ni za siku moja. Wanafunzi hutembea katika msitu wa maweni, makazi ya paa nunga, hukagua vidimbwi maji yanapokupwa, kisha huvaa miwani ya kuzamia na jaketi la kuokolea na kuutazama mwamba kwa macho yao. Wengi, hasa wasichana, hawajapata kuogelea kabla ya siku hiyo, ingawa wamezaliwa kisiwani. Wanaowaongoza ni walinzi wa hifadhi, ambao miongoni mwao wamo waliokuwa wavuvi.

Hapa ndipo lugha inapobadilisha mambo. Aliyekuwa mvuvi hana haja ya kutafuta neno. Anayo bamvua na maji mafu, anao pono, changu na chewa, na anajua ni yupi huyatafuna matumbawe na yupi hujificha chini yake. Mwanafunzi naye anayo sehemu ya maneno hayo kutoka kwao, hivyo anaweza kuuliza, kubisha, hata kumsahihisha mwalimu wake. Hayo hayatokei kwa wepesi darasani, ambako swali lazima kwanza litafsiriwe kichwani, na mengi hufia humo.

4.0 Tumbawe ni Nini?

Tuchukue mfano mmoja. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mtoto wa Shangani au Malindi ameegemea matumbawe tangu alipoanza kusimama. Kwake hilo ni jiwe. Katika elimu ya bahari huambiwa kwamba tumbawe ni mnyama, tena wanyama wadogo wengi mno walioshikana na kujijengea makazi ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi vijimea vinavyowapa chakula na rangi. Maji yakipata joto kupita kiasi vijimea hivyo hutoka, na tumbawe hupauka, kama ilivyotokea magharibi mwa Bahari ya Hindi mwaka 1998.

Mwelezaji hukabiliwa mara moja na tatizo la sarufi. Majina ya wanyama huchukua upatanisho wa A-WA: kasa huyu anakula, pweza hawa wanakula. Matumbawe huchukua LI-YA: matumbawe yanakula. Sentensi hii ni sahihi, lakini humshtua msikilizaji, na mshtuko huo ndio somo. Katika Kiingereza, ambamo kitenzi hakitofautishi mnyama na jiwe, mwanafunzi angeiandika na kupita.

5.0 Kutoka Mwambani Hadi Mtihanini

Kinachokosekana ni daraja. Mwanafunzi akirudi darasani hukuta istilahi za Kiingereza, bila kitu kinachomwambia kuwa viumbe hivyo ndivyo alivyoviona. Aliyeelewa vyema kupauka kwa matumbawe aweza kulikosa swali lake kwa kutolijua jina lake la mtihani. Maneno ya wavuvi nayo hayamo yote katika kamusi sanifu, na hutofautiana baina ya Makunduchi, Nungwi na Mjini. Idara za Kiswahili, zikishirikiana na BAKIZA, zingeweza kuandaa faharasa ndogo ya lugha mbili ya viumbe vya mwamba, yenye majina ya kila upande wa kisiwa. Wakusanyaji wanaofaa zaidi ni wanafunzi wenyewe. Wapewe madaftari likizo ya Disemba, waende kwa babu zao na kwa wanawake wanaochokoa pweza maji yakipwa, waandike jina, umbo na tabia ya kila kiumbe. Madaftari yakirudi shuleni Januari, mwalimu wa Biolojia na mwalimu wa Kiswahili wakae meza moja kuyasoma.