Fidia ya Vita: Nani Analipa, Nani Anapokea?

Mmetuuliza juu ya fidia ya Uganda.

Fidia ya vita ni nzito. Ujerumani, baada ya kushindwa mwaka 1918, ilidaiwa marki za dhahabu bilioni 132. Ikakopa Marekani ili ilipe. Mikopo ilipokauka baada ya 1929, malipo yakakwama. Riba ya mwisho ya madeni yale ililipwa Oktoba 2010, na vitukuu!

Kwetu, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema mwaka 2005 kwamba Uganda iliikalia Ituri kijeshi. Congo iliomba zaidi ya dola bilioni 11. Februari 2022 mahakama iliamuru milioni 325, kwa mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka, ikasema Uganda inayaweza. Milioni 225 ni za watu, 40 za mali, 60 za utajiri wa asili.

Lakini serikali inailipa serikali. Kuwagawia wahanga ni kazi ya mfuko wa FRIVAO, wenye makao Kisangani. Tena ni fidia ya vita vya 1998 hadi 2003, si ya nyumba iliyochomwa juzi. Wazee na machifu, waelezeni watu hivyo, na muandike majina ya wahanga wa wakati ule, kijiji na mwaka, mashahidi wakiwa bado hai.