Kuiandaa nyumba kabla ya mnunuzi kubisha hodi

MTU anapoamua kuuza nyumba Milimani, Kiamunyi au Lanet, jambo la kwanza linalomjia akilini ni bei, na la pili ni dalali. Wachache hukumbuka kwamba mnunuzi huanza kuipima nyumba akiwa bado langoni. Katika dakika hizo za mwanzo ndipo anapoanza kutafuta ama sababu za kuipenda, ama sababu za kuomba bei ishushwe.

Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 1, 2021, ina adui wake wa jadi: vumbi. Husemwa kuwa hata jina lake latokana na neno la Kimaasai lenye maana hiyo. Wakati wa kiangazi udongo wa majivu ya volkano hutanda juu ya madirisha, mapazia na ua wa kayaba. Kwa hivyo, kabla ya kununua rangi, muuzaji hana budi kuosha kuta za nje, kufua mapazia na kuupunguza ua ili nyumba ionekane kutoka barabarani.

Ndani, kazi kubwa ni kupunguza. Sebule iliyosheheni makochi, vitambaa na kabati la vyombo huonekana finyu kuliko ilivyo. Picha za harusi na mahafali, ingawa kuziondoa humtia mama mwenye nyumba uchungu, afadhali zihifadhiwe kwa muda. Mnunuzi hutaka kuiwazia familia yake humo.

Mnunuzi makini hufungua mfereji. Hapo tangi safi lililojaa husema mengi kuliko maua mezani. Penye kisima, ataulizia floridi, madini ambayo hubadilisha rangi ya meno ya watoto na ambayo hupatikana kwa wingi katika maji mengi ya chini ya ardhi Bonde la Ufa. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mwenye chujio la mkaa wa mifupa, ambalo Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imelieneza kwa miaka mingi, alionyeshe bila haya, pamoja na matokeo ya maabara.

Lakini linalozua mizozo zaidi ni nyufa. Ardhi ya eneo hili imekatwakatwa na mipasuko, na udongo wake huweza kutitia mvua inaponyesha kwa wingi. Tangu Machi 2018, bonde kubwa lilipofunguka na kuikata barabara ya Mai Mahiu kuelekea Narok, wanunuzi wamekuwa wepesi wa kuchunguza kuta. Ufa mwembamba wa plasta si hoja. Ule unaopita mshazari kutoka pembe ya dirisha, na kurejea kila unapozibwa, huhitaji mhandisi. Kuufunika kwa rangi mbichi katika ukuta mmoja tu ni kumwonyesha mnunuzi mahali pa kutazama. Zaidi ya hayo, muuzaji akiulizwa akajibu uongo, mnunuzi anaweza kuiomba mahakama ibatilishe mkataba.

Hali ni hiyo hiyo upande wa Mwariki, ambako Ziwa Nakuru, lililofurika kuanzia mapema miaka ya 2010 hadi lango kuu la mbuga likahamishwa, limefikia makazi ya watu. Pazia jipya halitamzuia mgeni kuuliza maji yamefika wapi.

Faili ya stakabadhi nayo iwekwe tayari: hati miliki, risiti za ada za ardhi, na idhini ya mume au mke, ambayo Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 huihitaji nyumba inapokuwa mali ya ndoa. Kodi ya faida ya mtaji ilipanda hadi asilimia 15 Januari 2023, ingawa mtu aliyeishi katika nyumba yake mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza husamehewa. Aliyehama na kupangisha amuulize wakili mapema, kabla hajataja bei.