Moja ya Butembo, Saba ya Kampala

Kwetu Butembo, Kongo, watu hudhani ukivuka daraja la Kasindi kuingia Uganda tu umeshafika ugenini. Ni kweli magari yanahama upande wa barabara, saa inasogezwa mbele kwa saa nzima, na faranga inageuka shilingi. Lakini panda gari la kwenda Kasese, utamsikia kondakta akigombana na abiria kwa maneno ambayo bibi yako wa Lubero angeyaelewa yote. Wakonzo wa Uganda na sisi Wanande, au Wayira kama wengi wetu tunavyopenda kuitwa, ni watu wamoja waliokatwa katikati na mpaka ambao Waingereza na Wabelgiji walikubaliana mwaka 1910. Wanasonga obundu wa muhogo kama sisi, na sombe wanaijua. Hata majina yanafuata zamu ya kuzaliwa vilevile: mvulana wa kwanza kwetu ni Paluku, kwao Baluku, Kambale wetu ni Bwambale wao, Kasereka ni Masereka. Mimi ni Kavira. Mama muuza ndizi wa Kasese alipolisikia jina langu, aliniita Biira palepale na kuniongezea ndizi mbili.

Ugeni wangu ulianzia Kampala, nilikokwenda kusoma uhasibu.

Ulianza na jina hilohilo. Jina la Muganda humwambia msikilizaji ukoo wake, kama ni wa Mmamba au wa Nkima, na mtu akishalitaja wenzake wanajua wamweke wapi. Mama mwenye nyumba wangu, mtaa wa Kansanga, aliposikia kwamba kaka yangu anaitwa Katembo, mimi Kavira na baba yetu Paluku, aliuliza kwa upole kama kweli tumezaliwa na baba mmoja. Nilimweleza habari ya zamu. Akacheka, akasema basi kwenu ukiwajua watoto wa nyumba moja umeshawajua wa mji mzima. Ana haki: ita "Kambale!" sokoni Butembo uone vichwa vingapi vitageuka.

Mabinti zake hupiga magoti wanapomwamkia mgeni. Mimi nimekulia mahali ambapo ukiingia chumbani unampa mkono kila mmoja, hadi aliyejificha pembeni, na rafiki unagusana naye kichwa, huku na huku, mara tatu. Ebola ilipotushika, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, mikono yote ilirudi mfukoni. Waliokufa katika eneo letu walipita 2,200, na Butembo, Katwa na Beni tulizika sana. Kwa hiyo mkono kwangu si jambo dogo. Kampala niliunyoosha kwa wazee wasioutarajia kutoka kwa msichana; waliupokea, wengine kwa tabasamu la kunionea huruma. Kupiga magoti sijajifunza, na sidhani kama nitajifunza.

Kiswahili kilinifundisha zaidi. Nilidhani nimekuja na lugha ya kunifungulia milango, tena Kongo ilikuwa imekwisha ingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Julai mwaka huohuo mawaziri wa Uganda wakapitisha kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni. Siku ya kwanza sokoni Owino nikauliza bei ya sufuria. Mama muuzaji akanyamaza, akanitazama miguuni kama anayetafuta buti, kisha akanijibu kwa Kiingereza, na bei yenyewe ilikuwa ya kunifukuza. Wenyeji walinieleza baadaye: kwa watu wengi wa umri wake Kiswahili ni sauti ya askari, tangu jeshi la kikoloni la King's African Rifles hadi enzi za Idi Amin, na ni sauti ya kizuizi cha barabarani usiku.

Sikuhitaji maelezo marefu. Butembo lugha ya namna hiyo tunayo, ni Kilingala. Wenye Kilingala chao Kinshasa huimba nacho na kuposa nacho, lakini kwetu kilikuja na jeshi, toka Force Publique ya Wabelgiji hadi askari wa Mobutu na waliofuata. Mtu akikusalimu kwa Kilingala saa mbili usiku, mkono unakwenda wenyewe kwenye kitambulisho. Yule mama wa Owino alinisikia mimi kama ninavyomsikia mwanajeshi wa kwenye barie. Siku hizi ninaanza kwa Kiganda changu kibovu, "ssebo", "nnyabo", na Kiswahili nakitoa baadaye, tukishazoeana.

Waasi nao wana mambo yao. Kampala nikisema natokea upande wa Beni, naulizwa habari za "waasi wenu". Beni, ambako mauaji hayajakoma tangu 2014, watu wanawaita ADF waasi wa Uganda, na kundi hilo kweli lilianzishwa na raia wa Uganda. Kila upande unamrudishia mwenzake. Wakati wa kurudi likizo, kwenye zile kilomita 80 za Kasindi hadi Beni, hakuna abiria anayejali waasi ni wa nani.

Lakini kilichonifanya nijione mgeni kuliko yote ni darasa. Nilipeleka diploma yangu ya Serikali, yaani cheti cha kumaliza sekondari, asilimia 58. Siku matokeo yale yalipotoka, tulimwagiana poda nyeupe kichwani na kuimba mtaa mzima, maana kwetu 58 ni ya kumshukuru Mungu, na 70 ni ya kusimuliwa na wajukuu. Karani wa kupokea wanafunzi aliitazama akauliza kama nilikuwa mgonjwa wakati wa mtihani.

Kisha namba. Tumefundishwa kuandika moja yenye mkono mrefu unaopanda toka chini, na saba tunaikata mstari tumboni. Zoezi langu la kwanza lilirudi limejaa wino mwekundu: katoni zangu 110 zilikuwa zimesomwa 770, na stoo ikawa na mali isiyokuwepo. Nukta nayo ikanigeuka. Kwetu 2.500 ni elfu mbili na mia tano; Kampala ni mbili na nusu. Tena nilikuwa nimekariri hesabu kwa namba, kama kila mtoto wa sehemu ya biashara tangu Kongo ilipoingia OHADA mwaka 2012, ule umoja wa nchi za Afrika, nyingi za Kifaransa, zenye sheria moja ya biashara. Fedha mkononi ni 57, benki 52, wateja 41, manunuzi 60, mauzo 70. Uganda wanafuata kanuni za kimataifa, na hesabu hazina namba za kukariri. Bwambale wa Kasese, ninayekaa naye dawati moja, hushangaa nikinong'ona "hamsini na saba" kabla ya kuandika fedha.

Huyo Bwambale tunakula naye chakula kimoja na kuteta kwa lugha moja. Daftari zetu ndizo hazielewani. Milima haikututenga, mila hazikututenga. Kazi hiyo imefanywa na walimu wa Mbelgiji na wa Mwingereza, ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuwaona.

Tofauti hiyo imenipatia riziki. Mjomba wangu anaagiza vipuri vya pikipiki kutoka Guangzhou, vinavyopita Mombasa, Kampala na Kasindi mpaka dukani kwake Butembo. Ofisi ya kodi inataka vitabu vya OHADA. Wanaomkopesha mali Kampala wanataka vya kwao. Likizo namwandalia vyote viwili, naye kila mara ananiuliza: "Kavira, mali ni ileile na faida ni ileile, karatasi mbili za nini?" Nimemwomba anilipe noti moja ya dola mia. Butembo noti iliyochanika hata kidogo haipokelewi, na Kampala wabadilishaji wa fedha wanazipa noti ndogo bei ya chini. Ananilipa za ishirini-ishirini.