Kabla hujapiga stata, sema nati ilipoangukia

Kabla ya kufungua Neno, naomba leo tupitie gereji.

Ukipita Mfaranyaki au Lizaboni hapa Songea siku ya kazi, utawakuta vijana wameinamia injini, mikono imejaa oili, wakijifunza ufundi kwa kutazama. Tuseme wewe ni mmoja wao. Saa kumi na moja jioni umefungua plagi za Noah ambayo mwenyewe anaitaka asubuhi kwa safari ya Mbinga. Nati ndogo inakuponyoka. Inagonga chuma mara mbili, kisha kimya. Fundi mkuu yuko pembeni anaongea na simu. Hakuna aliyeona.

Sasa sikiliza mawazo yanayokujia. Labda imeangukia chini, utaiona kesho. Kwenye kopo la nati za zamani kuna nyingine inayofanana nayo. Ukisema utafokewa, au utakatwa posho, au utaambiwa usirudi. Rudisha plagi, funga, piga stata, Mungu atasaidia.

Ngoja kwanza. Injini inayounguruma taratibu, mizunguko 800 kwa dakika, inapandisha kila pistoni mara 800 kwa dakika hiyo hiyo, yaani kama mara 13 kila sekunde. Kwenye injini nyingi za dizeli, kama za malori yanayobeba mahindi yetu, pistoni ikifika juu kabisa nafasi inayobaki kati yake na silinda hedi ni kama milimita moja. Nati haitoshei hapo. Itapondwa, itatoboa au kukwaruza pistoni, itapinda valvu, itachana ukuta wa silinda. Kilichokuwa kazi ya jioni moja kinageuka kufumua injini nzima. Na huenda kisitokee gereji. Huenda kikatokea usiku, njiani, gari likiwa na mama na watoto.

Nati iliyolala tu ndani ya silinda, injini ikiwa imezimwa, haijaharibu kitu bado. Hili nakuomba ulishike. Madhara huanza pale mtu anapozungusha injini huku akijua.

Fundi mwenye uzoefu atakwambia la kufanya. Chomoa waya wa betri ili asije mtu akapiga stata bila kujua. Ziba matundu mengine kwa kitambaa safi. Hesabu nati ulizofungua, upate uhakika ni ngapi hazipo. Mulika kwa tochi. Kama ni chuma, sumaku yenye mpini mrefu itaivuta. Kama ni aluminiamu, shaba au plastiki, sumaku haitasaidia, basi jaribu grisi kwenye ncha ya fimbo nyembamba. Usiharakishe kupuliza upepo wa kompresa, kwa sababu unaweza kuisukuma mahali pabaya zaidi. Ikiwa imeingia chini ya kova la tapeti, inaweza kuteremka na njia za oili hadi kwenye sampu. Hapo oili itamwagwa na sampu ifunguliwe. Yote yakishindikana, silinda hedi inafunguliwa. Ni gasketi mpya na siku moja ya kazi. Inauma, lakini injini inabaki.

Yote hayo yanategemea sentensi moja fupi: "Fundi, samahani, nati imeingia ndani, silinda ya pili."

Fungua sasa 2 Wafalme 6:1-7. Wanafunzi wa manabii wanakata miti kando ya Yordani wajenge makao. Mmoja wao chuma cha shoka kinamchomoka na kuzama majini. Analia pale pale, mbele ya bwana wake, na anaongeza jambo ambalo angeweza kulinyamazia, kwamba shoka lenyewe ni la kuazima. Elisha hamwulizi nani kakaza mpini vibaya wala kwa nini hakuangalia. Anamwuliza mahali kilipoangukia. Kijana anaonyesha, Elisha anakata kijiti na kukitupa hapo, chuma kinaelea.

Wahubiri wengi tunakimbilia kuelea kwa chuma, kwa sababu muujiza unachangamsha ibada. Mimi nadhani tunaruka sehemu inayotuhusu zaidi. Kama kijana yule angenyamaza, au angeonyesha mahali pengine ili kupunguza aibu, kijiti kingetupwa wapi? Hata bustanini, katika Mwanzo 3, swali la kwanza la Mungu kwa Adamu aliyejificha lilikuwa kuhusu mahali alipo.

Kwa hiyo nina neno na wewe pia, fundi mkuu, mwalimu, mzazi, mwenyekiti. Kijana wako akiangusha nati, swali lako la kwanza huwa lipi? Ukianza na matusi, umemfundisha kwamba mara ijayo afunge plagi na kunyamaza. Hasira yako ya leo utailipa kwa injini ya mteja wa kesho. Simaanishi gharama ifutwe. Gasketi italipwa na mtu, na mnaweza kuzungumza namna ya kulipa, lakini nati ikiwa imeshatoka.

Watu wa hospitali hawakuliacha jambo hili kwenye ujasiri wa mtu mmoja. Shirika la Afya Duniani lilipozindua orodha yake ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, liliweka kwamba kabla mgonjwa hajatolewa chumba cha upasuaji, muuguzi athibitishe kwa sauti kuwa hesabu ya vifaa, vitambaa na sindano imekamilika. Gereji inaweza kufanya vivyo hivyo kwa trei moja na dakika mbili.

Nawe usiyeshika spana hata siku moja, unajua yako. Mweka hazina wa kikoba uliyechukua laki mbili ukisema utarudisha Ijumaa, na Ijumaa tatu zimepita. Mume uliyekopa kwa kuweka hati ya shamba bila mama watoto kujua. Kikundi bado kinakutana, nyumbani bado mnasali pamoja kabla ya kulala, na kila mzunguko unaisogeza ile nati karibu na valvu. Leo bado kiasi kinajulikana na mahali panajulikana. Mwenyekiti wa kikoba anapatikana hata baada ya ibada, na mama watoto yuko jikoni.

Chuma kilipoelea, Elisha hakumwokotea yule kijana. Alimwambia akichukue mwenyewe, naye akanyosha mkono. Maandiko yanaishia hapo. Hayatuelezi kama mwenye shoka aliambiwa. Kijana bado alikuwa na safari ya kulirudisha.